Walimtibu mama tifoidi miezi mitano, kumbe ni sukari: sasa nimwamini munganga gani?

Swali

Dokta, naandika kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mama yangu ana miaka 54. Tangu Novemba alikuwa anachoka, anakonda, kiu haikatiki, usiku anaamka kukojoa mara nne au tano. Kwenye kituo cha karibu na nyumbani walimpima mara tatu, na mara zote karatasi ilisema malaria na tifoidi. Akatundikiwa seromu za kinini, akapewa dawa za tifoidi, akapata nafuu kidogo, kisha akarudia palepale. Mwezi wa nne alianguka bafuni. Tukamkimbiza hospitali nyingine, wakakuta sukari 486. Sasa yuko nyumbani na insulini, lakini leo ni siku ya nne hachomi. Anasema ni zile seromu zilizompa sukari, na wanganga wote ni waongo. Juzi tulimpima sehemu tatu asubuhi moja: labo ikaandika 2,14, farmasi wakasema 208, na kaka yangu aliyetoka Ndola, Zambia, na kifaa chake akapata 11,7. Mama akacheka: "Mnaona? Wanabahatisha." Mimi mwenyewe sijui nimjibu nini. Nimwamini munganga gani sasa? Na wale wa kwanza, tuwaache hivihivi?

Jibu

Dada wa Katuba, pole kwa yote. Umeuliza mambo kadhaa na moja halingoji, kwa hiyo naanza nalo. Mtu aliyekutwa na 486 kisha akaacha insulini anaweza kurudi kule alikotoka ndani ya siku chache. Akianza kutapika, kuumwa tumbo, kupumua haraka na kwa kina kama aliyekimbia, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, au akisinzia na kuongea ovyo, mpelekeni hospitali usiku uleule. Na hata kama hana dalili hizo, rudini leo au kesho kwa munganga aliyemwandikia insulini, mmwambie waziwazi amekosa sindano ngapi. Msifidie kwa kuchoma dozi mbili kwa mpigo. Sukari ikishuka kupita kiasi nayo inaua, tena upesi kuliko ikiwa juu.

Sasa zile namba tatu, maana ndizo zilizomchekesha mama.

Hakuna aliyebahatisha. Zote tatu ni namba moja. Ile 2,14 ni gramu za sukari katika lita moja ya damu. Labo zetu nyingi bado zinaandika hivyo. 208 ya farmasi ni miligramu katika desilita. Chukua 2,14, zidisha kwa 100: 214. Kifaa cha kaka yako kinasoma kwa milimoli katika lita, ndiyo desturi ya Zambia. Chukua 11,7, zidisha kwa 18: 210 na kitu. Basi mna 214, 208 na 210, kutoka mahali patatu, asubuhi moja. Kifaa cha kidole kinaweza kupishana na labo hata kwa asilimia 15 na bado kikahesabiwa kizima. Ninyi hamkufika hata asilimia 5. Ile 486 ya hospitali kwa kipimo cha Ndola ingesomeka 27.

Keti na mama, mpe kalamu, azidishe mwenyewe. Kisha kila namba mnayoandika kuanzia leo iwe na kipimo chake pembeni: g/l, mg/dl au mmol/l. Hili si jambo dogo kwa mji unaopakana na Zambia. Kuna watu wanaosoma 9 kwenye kifaa cha Ndola, wanakumbuka kwamba hospitali ilisema 200, wanafurahi kwamba sukari imekwisha na wanatupa dawa. Hiyo 9 ni 162.

Namba hiyo ya 210 inasema jambo jingine pia. Mtu ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, akikaa siku kadhaa bila sindano, kwa kawaida hupanda juu zaidi ya hapo. Inawezekana mwili wa mama bado unatengeneza kidogo, na baada ya wiki au miezi munganga akampunguzia insulini au akamhamishia kwenye vidonge kama metformini. Hilo likitokea, msiseme "huyu naye anageuza maneno". Wengi wa umri wake huanza na insulini kwa sababu waligunduliwa wakiwa wamechelewa, kisha hali ikitulia matibabu hubadilishwa. Lakini uamuzi huo unatoka kwenye vipimo, na insulini haiachwi kwanza ndipo vipimo vifuate.

Je, seromu ndizo zilizompa sukari? Hapana. Angalia barua yako mwenyewe: kiu, kukonda na kukojoa usiku vilianza Novemba, kabla ya chupa ya kwanza kutundikwa. Ila mama hajakosea kabisa, na msimjibu kama vile anaropoka. Kinini hutundikwa ndani ya seromu ya glukozi kwa sababu kinini yenyewe hushusha sukari. Chupa ya mililita 500 ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, sawa na vipande vitano vile vya chai. Ya asilimia 10 ina gramu 50. Kwa mgonjwa wa malaria kali hiyo ni kinga. Kwa mtu ambaye damu yake tayari imejaa sukari na hakuna aliyempima, ni kuongeza kuni motoni, tena kupitia mshipa. Kwa hiyo mwambieni mama hivi: ugonjwa ulikuwepo, seromu hazikuuleta, lakini zilimzidishia, na ana haki ya kukasirika. Maneno hayo ni ya kweli, na mgonjwa akisikia kwamba sehemu ya lawama yake imekubaliwa, husikiliza na sehemu iliyobaki.

Kama anataka shahidi, ombeni kipimo kiitwacho hemoglobini glike. Kwenye karatasi huandikwa HbA1c. Kinaonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu iliyopita, si ya asubuhi ile tu. Kuanzia asilimia 6,5 ni kisukari. Kinapotosha kwa mtu aliyeongezewa damu karibuni, mwenye upungufu mkubwa wa damu, au mwenye ugonjwa wa SS (selimundu), kwa hiyo zitajeni hali hizo kama zipo.

Linabaki lile linalouma zaidi: imekuwaje karatasi ziseme malaria na tifoidi mara tatu? Watu wengi huamini labo iliandika uongo. Mara nyingi haikuandika uongo. Ilijibu swali ambalo silo alilokuwa nalo mgonjwa.

Chukua malaria. Kile kipimo cha haraka chenye mistari, TDR, hakitafuti kijidudu kilicho hai. Kinatafuta protini yake. Protini hiyo hubaki kwenye damu wiki mbili, mwezi, wakati mwingine zaidi, baada ya mtu kupona. Mama akitibiwa malaria Novemba na kupimwa TDR tena Desemba, mistari miwili inaweza kuwa ni ya Novemba. Ndani ya mwezi baada ya tiba, kinachofaa ni darubini, ile inayoandikwa GE, tena yenye hesabu ya vijidudu. Na hata GE ikionyesha alama moja ya kuongeza, mtu mzima aliyeumwa malaria mara nyingi anaweza kubeba vijidudu vichache visivyomfanya kitu. Malaria ipo kwenye damu, lakini siyo inayomkondesha.

Widal, kile kipimo cha tifoidi, ndiyo mbaya zaidi, na hapa sitapunguza maneno. Ni kipimo cha mwaka 1896, chenye jina la munganga Mfaransa Fernand Widal. Hakitafuti bakteria wa tifoidi. Kinatafuta alama ambazo mwili uliziacha baada ya kupigana nao, au na ndugu zao, au wakati mwingine baada ya ugonjwa mwingine kabisa, malaria ikiwemo. Aliyepata tifoidi miaka iliyopita anaweza kubeba TO 1/160 na TH 1/320, ndivyo karatasi ya Widal inavyoandika, akiwa mzima wa afya, anauza mboga sokoni. Ili Widal iseme kitu cha maana ingebidi damu ichukuliwe mara mbili, kwa umbali wa siku kumi hadi kumi na nne, na namba ya pili iwe imepanda mara nne. Fungua makaratasi ya mama uone kama kuna aliyefanya hivyo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni hemokiltiri, kuotesha damu labo, nayo ichukuliwe kabla ya antibiotiki. Majibu huchukua siku kadhaa, na hata yenyewe hukosa wagonjwa wengi, karibu nusu. Ndiyo sababu munganga mzuri huanza na mgonjwa, si na karatasi. Tifoidi ni homa inayopanda siku hadi siku. Mtu asiye na homa, anayemaliza bidoni ya maji na kushinda usiku chooni, hata Widal ikiandika 1/640, jina la kwanza la kufikiria si tifoidi.

Kwa hiyo kosa liko wapi? Siku ya kwanza naweza kulisamehe. Mtu amechoka, GE ina alama, msimu ni wa mvua, dawa ya malaria ikaandikwa. Mara ya pili ilipaswa kumshtua mtu: dawa imemezwa sawasawa na mgonjwa amezidi kukonda. Mara ya tatu kuandika yaleyale sikuiti kosa, nauita uzembe. Mtu mzima anayekonda bila kutaka hufanyiwa angalau vipimo vitatu kabla hajatoka mlangoni: VVU, kifua kikuu kama anakohoa zaidi ya wiki mbili, na sukari. Viwili vya kwanza hulipiwa na programu za taifa. Cha tatu ni tone la damu na sekunde chache.

Mbona hawakukifanya? Kuna sababu, na sizitaji ili kuwatetea. Vibanzi vya kupimia sukari ni ghali na huharibika chupa ikiachwa wazi, vituo vingi havinavyo. Kituo kinachoishi kwa pesa za wagonjwa kinajilipa kwa labo na seromu. Kumsikiliza mtu dakika ishirini hakuna anayekulipia. Na kituo cha afya kwa kawaida huongozwa na muuguzi, yule mwenye cheo cha infirmier titulaire. Sisi tunamwita munganga kila mwenye blauzi nyeupe. Ni sawa kabisa kuuliza, kwa adabu, "Samahani, wewe ni muuguzi au ni dokta?" Wauguzi wengi ni hodari na wameokoa watu wengi Katuba kuliko sisi. Lakini mgonjwa asiyepona mara ya pili alipaswa kupewa karatasi ya kumhamishia hospitali ya zoni. Na tuseme la kwetu pia: munganga asipotundika seromu, familia huondoka ikisema hajui kazi. Soko hilo tumelijenga pamoja.

Tuje kwa mama. Usimwombe awaamini wanganga. Muombe apime mwenyewe, kwa wiki mbili tu, huku akichoma insulini kwa dozi atakayopewa mkirudi. Nunueni kifaa kimoja na kopo la vibanzi 50 vya aina ileile ya kifaa. Vya aina nyingine haviingii au vinasoma ovyo. Angalieni tarehe ya kuharibika, na kifuniko kifungwe mara moja baada ya kutoa kibanzi. Anawe mikono kwa maji na sabuni, akauke, achome ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati. Kunawa si utaratibu wa bure: kidole kilichomenya embe kinaweza kuonyesha sukari ambayo iko kwenye ngozi, haiko kwenye damu. Apime asubuhi kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya mlo mmoja. Hiyo ni mara mbili kwa siku, vibanzi 28, na vinabaki vya akiba.

Fanyeni jaribio hili siku mbili tofauti. Siku ya kwanza ale bukari (ugali) kama alivyozoea, na sombe (kisamvu). Siku ya pili bukari iwe nusu yake, sombe iongezwe, na samaki. Apime saa mbili baada ya kila mlo na aandike mwenyewe. Mara nyingi tofauti huonekana kwenye kioo cha kifaa, na hakuna munganga aliyeketi hapo kumshawishi. Kwa wengi tunalenga 80 hadi 130 mg/dl kabla ya kula, na chini ya 180 saa mbili baada ya kula. Munganga wake anaweza kumwekea mipaka mingine. Ikishuka chini ya 70, au akitetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, apewe gramu 15 za sukari papo hapo: vipande vitatu vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya Fanta ya kawaida. Dakika kumi na tano baadaye mpime tena, na kama bado iko chini ya 70 rudieni. Akiwa hajiwezi kumeza, msimmiminie kitu mdomoni, hospitali.

Insulini yenyewe: ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, si kwenye barafu. Iliyofunguliwa nyingi hudumu wiki nne mahali pa baridi ya kawaida, mbali na jiko na dirisha. Umeme ukikatika, au joto la Oktoba likibana, weka kichupa kwenye kopo lililofungwa, ndani ya chungu cha udongo kilicholowanishwa maji na kuwekwa kivulini penye upepo. Bomba la sindano liandikwe U-100 kama kichupa kinavyosema 100 kwa mililita. Kulingana kwa namba hizo mbili ni jambo la kuangalia kwa macho kila mnaponunua. Zikitofautiana, dozi inabadilika mara mbili na nusu.

Dawa za miti shamba na maombi. Hamtashinda kwa kumkataza, na mkimkataza ataficha, nako kuficha ndiko kunakoua. Mwambieni munganga anachokunywa. Unga wa "kumaliza sukari" unaouzwa bila jina umekutwa katika nchi mbalimbali ukiwa umechanganywa na vidonge vya hospitali vya kushusha sukari, na hapo mgonjwa anakunywa dozi mbili bila kujua. Maombi hayagombani na sindano. Kufunga kunagombana nayo: mtu akichoma insulini yake ya kawaida na asile hadi jioni, anaweza kuzimia kanisani na watu wakadhani ni roho. Mwone mchungaji kabla ya mfungo, si baada yake. Wengi wao ukiwaeleza hivyo ndio watakaomwambia mama ale.

Umeuliza nimwamini munganga gani. Sitakutajia mtu. Nitakueleza unachoweza kukiona ukiwa umeketi pale mbele yake.

Andaa karatasi moja, ukurasa mmoja, kabla ya kwenda. Mstari kwa kila tukio: tarehe, alichoumwa, kilichopimwa na namba yake, dawa na dozi, kilichotokea baadaye. Beba karatasi za labo zenyewe, na vichupa vyenyewe, si majina yake tu. Daftari nene lililochanika halisomwi. Ukurasa mmoja unasomwa.

Kisha tazama. Je, alikutuma labo kabla hajamuuliza mama chochote? Je, alimpima uzito na presha? Je, alimwambia avue viatu? Hilo la mwisho lishike sana. Munganga anayejua kisukari anaangalia nyayo, katikati ya vidole, anagusa kuona kama mguu unahisi, kwa sababu kidonda kidogo kisichouma ndicho kinachoishia kukatwa mguu. Ndani ya ziara mbili tatu za kwanza anapaswa pia kuwa ameomba kreatinini na protini ya mkojo kwa ajili ya figo, ametaja macho yapimwe, na amemwona mama akijichoma sindano kwa mkono wake, si kuelezwa tu. Asipofanya hata kimoja, tafuteni mwingine, na hamhitaji kugombana naye.

Muulize maswali matatu, kwa utulivu: "Dokta, kama si hiyo, inaweza kuwa nini kingine? Tukianza dawa hii, siku ya ngapi tutajua inafanya kazi? Na kitu gani kiturudishe hapa kabla ya tarehe uliyotupa?" Kama aliyemtibu pale kituoni angejibu swali la pili, "siku tatu, na asipopona rudi tutafute kitu kingine", mama asingefika Aprili bila ugonjwa wake kujulikana. Munganga anayesema "sijui bado, nataka kipimo hiki kwanza" hajashindwa. Anayekasirika kwa kuulizwa, anayekataa kuwapa nakala ya majibu mliyoyalipia, anayetoa dawa kwenye karatasi ya khaki bila jina, anayemtundikia seromu mtu anayekula na kunywa vizuri: huyo mwacheni.

Ukitaka maoni ya pili, idara ya magonjwa ya ndani ipo kwenye kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kwenye hospitali ya Jason Sendwe. Nendeni mara moja kwa maoni, kisha ufuatiliaji wa kila mwezi uwe karibu na nyumbani, kwa mtu mmoja. Kuhama kila wiki mbili kunafanana na uangalifu, lakini kila munganga mpya anaanza upya na hakuna anayeona njia yote. Na msikope pesa za kumpeleka India au Afrika Kusini kwa ajili ya sukari. Dawa zake ni zilezile, na miaka iliyobaki ya kumfuatilia itafanyika hapahapa.

Wale wa kwanza, msiwaache hivihivi, lakini anzeni na kilicho mkononi. Ombeni nakala za kila kitu: karatasi za ziara tatu, majibu ya labo, orodha ya seromu, risiti. Ombeni mapema, kabla hamjasema neno lolote la malalamiko, na ombeni kwa upole; makaratasi yana tabia ya kupotea baada ya barua ya kwanza. Kutoka hospitali ya pili chukueni karatasi ya kutoka inayotaja sukari 486 na tarehe.

Kisha andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa kituo, na nakala kwa munganga mkuu wa zoni ya afya. Toleo moja libaki kwenu likiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa. Msiandike "mlitaka kumuua mama". Andikeni kilichotokea kwa tarehe: dalili hizi zilitajwa, ziara tatu, sukari haikupimwa, seromu za glukozi zilitundikwa siku hizi, akaanguka siku ile. Ombeni mambo mawili: maelezo kwa maandishi, na kwamba kituo kianze kumpima sukari kila mtu mzima anayekonda. Kama mlilipia kitu ambacho hakikufanyika, ombeni na pesa hizo.

Kama aliyemtibu ni daktari na mnaona ni uzembe, kuna baraza la mkoa la Ordre des Médecins; chombo hicho kipo kisheria tangu 1968 na kinaweza kumwita daktari ajieleze. Wauguzi nao wana chombo chao, kilichoundwa kwa sheria ya 2016. Mahakamani, mlango ni kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria za madai, kutoka dekreti ya tarehe 30 Julai 1888: aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake sharti ailipe. Ni njia ndefu na yenye gharama. Mtatakiwa kuthibitisha kosa, hasara, na kwamba hili ndilo lililoleta ile. Kwa mama ambaye alikuwa na kisukari tayari, la tatu ndilo gumu. Wakili ataanza kwa kuuliza nakala zile nilizozitaja, kwa hiyo hata kama hamjaamua, zikusanyeni wiki hii, mzifunge kwenye plastiki moja na tarehe juu yake.